Rodi fupi ya mwanzi ya kuvulia trauti: jinsi ya kuipanga na kuitengeneza

Rodi yangu ya kwanza fupi niliipata kwa msumeno. Kuna mzee mmoja huku kwetu upande wa Nyeri alikuwa na rodi ya zamani ya mwanzi, futi 7 na nusu, imevunjika karibu na ncha, akaniambia we chukua tu utafanyia kazi. Nikakata pale palipovunjika, nikabandika kipete kipya cha ncha, nikabaki na kitu cha futi 6 nikaenda nacho mtoni na raha zangu zote. Bwana, ilikuwa kama mpini wa jembe. Narusha mshipi, mshipi unadondoka miguuni kama kamba ya mbuzi, narusha tena, vile vile, na trauti nawaona kabisa wanaelea pale mbele mita 4.

Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho baadaye nilikirudia kwa rodi tatu nne kabla kiniingie vizuri, kwamba rodi fupi si ndefu iliyokatwa. Inapangwa upya toka mwanzo, na inapangwa kwa kuangalia ni mshipi kiasi gani utakuwa nje ya ncha, si kwa kuangalia urefu wa mti.

Mbona ufupi kwanza? Kama unavua bwawani hauna haja nayo, chukua ndefu. Lakini vijito vya juu vya Aberdare na Mlima Kenya, Gura, Chania, Ragati, Thiba, ukipanda kule juu maji yanapita chini ya vichaka, mianzi imekuinamia kichwani, nyuma yako kuna mti na kulia kuna mti. Trauti wenyewe si wa huku, waliletwa kutoka Uskoti wakapandwa Gura mwaka 1905, lakini wamezoea kuliko sisi, wanajificha chini ya matawi wakijua hufiki. Rodi ya futi 8 na nusu pale ni ya kukamatia majani.

Sasa hesabu, na usiruke hapa. Mishipi ya flai, yaani ile minene inayorushwa kwa uzito wake yenyewe ikiwa na chambo chepesi cha kuigiza mdudu, inapewa namba kulingana na uzito wa futi 30 za kwanza, mshipi namba 4 hizo futi 30 ni kama gramu 7.8, namba 5 ni kama gramu 9.1. Rodi inaposemwa ni ya namba 4 maana yake inapinda vizuri ikiwa na zile gramu 7.8 hewani. Ila kwenye kijito wewe unatoa futi 12, futi 15, basi. Ni nusu ya ule uzito au chini zaidi, kwa sababu mwanzo wa mshipi huwa mwembamba. Kwa hiyo rodi iliyopangwa sawasawa kabisa kwa namba 4 kule kichakani haisikii chochote, imelala. Dawa ni mbili, ama uifanye rodi laini zaidi hasa nusu ya juu, ama uweke mshipi wa namba moja juu. Mimi nafanya zote mbili kidogo kidogo, napanga laini halafu siku za upepo navalisha namba 5.

Urefu nakushauri futi 6. Nimetengeneza ya futi 5, inafurahisha kuonyesha watu, lakini ncha inapita njia fupi mno hewani na mkono unafanya kazi yote, na mshipi wa nyuma unashuka kwenye nyasi. Futi 6 na nusu ni nzuri pia kama mto wako una nafasi. Na wasikutishe kwamba rodi fupi ni ya samaki wadogo, Lee Wulff, mvuvi maarufu wa Marekani, alikuwa anavua samoni, samaki wakubwa wale, kwa rodi ya mwanzi ya futi 6.

Tepa, yaani jinsi unene unavyopungua kutoka mpini hadi ncha, ndo roho ya rodi. Rodi ya kisasa ya mwanzi si mwanzi mzima, ni fito 6 zenye umbo la pembetatu zilizogundishwa zikafanya pande sita. Unene tunaupima toka upande bapa hadi upande bapa wa pili. Tepa yangu ya kuanzia ni ya mstari ulionyooka, haina ujanja: ncha milimita 1.8, halafu kila inchi 5 unaongeza 0.36. Kwa hiyo:

inchi 0: 1.80
inchi 5: 2.16
inchi 10: 2.52
inchi 15: 2.88
inchi 20: 3.24
inchi 25: 3.60
inchi 30: 3.96
inchi 35: 4.32
inchi 40: 4.68
inchi 45: 5.04
inchi 50: 5.40
inchi 55: 5.76
inchi 60: 6.12

Baada ya hapo unakaribia mpini, acha unene uendelee tu haina shida. Ukitaka ncha iamke haraka punguza zile namba tatu za kwanza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukitaka nguvu ya kuvuta samaki kutoka kwenye mizizi ongeza kuanzia inchi 45 kushuka chini. Badilisha kitu kimoja kwa kila rodi, ukibadilisha vitatu hutajua ni kipi kimefanya nini, nimepoteza mianzi kwa huo ujuaji.

Na hizo sehemu za kumi za milimita si mbwembwe. Ugumu wa kitu kupinda unaenda na unene mara nne, unene mara unene mara unene mara unene. Ukizidisha unene kwa asilimia 10 ugumu umepanda karibu asilimia 46. Kule kwenye ncha ya 1.8, kila ufito una kimo cha 0.9 tu, ukikosea ufito kwa 0.05 rodi nzima imekosea 0.1, na hapo ugumu umeruka karibu robo. Kwenye rodi ndefu kosa dogo linamezwa na urefu, kwenye fupi hakuna pa kulimeza. Nunua venia nzuri, kile kipimo cha unene, kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Mwanzi wenyewe. Ule unaosifiwa dunia nzima unaitwa Tonkin, na jina linadanganya, hautoki Tonkin ya Vietnam, unatoka mkoa wa Guangdong kule China. Mwaka 1950 Marekani ilipoipiga China marufuku ya biashara mafundi wa kule walibaki kutumia akiba waliyokuwa nayo mpaka miaka ya 70 mwanzoni, kipindi hicho hicho rodi za faiba zikateka soko. Unakuja vipande vya futi 12, kipenyo kama sentimita 5. Kuagiza ni ghali, usidanganywe, mizigo mirefu hiyo usafiri unazidi bei ya mwanzi. Agizeni watu watatu wanne pamoja.

Na huu wetu wa milimani je? Ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Chukua kipande kilichokauka, kata ncha yake, isugue kwa msasa mpaka iwe laini kabisa halafu ilowanishe kidogo na uangalie. Utaona vidoti vyeusi, hizo ndo nyuzi zenye nguvu. Karibu na ganda vimebanana, ukienda ndani vinatawanyika na katikati yao ni nyama laini isiyo na kazi. Pima ile tabaka iliyobanana ina milimita ngapi. Tepa yetu inahitaji 3.06 kule chini kwenye inchi 60 na 0.9 tu kwenye ncha, ni nusu ya unene wa rodi kila mahali. Tonkin inatosha yote. Mwanzi wetu nilioupima mimi ulikuwa na tabaka nyembamba, nikautumia kutengeneza ncha na ncha ilikaa vizuri, lakini nusu ya chini ilipinda ikabaki imepinda. Kwa hiyo fito zako za kwanza za mazoezi fanya na wa nyumbani, wala usihuzunike ukiharibu. Ila nunua kwa mtu aliyeupanda shambani kwake, msitu wa serikali bila kibali utajikuta unaelezea askari habari za trauti.

Kupasua. Hatukati kwa msumeno, tunapasua, kwa sababu mpasuko unafuata nyuzi na msumeno unazikata. Rodi yetu ni vipande viwili vya inchi 36, kwa hiyo kata kipande cha inchi 42 upate ziada, pasua katikati kwa kisu kinene na nyundo ya mbao, kila nusu ipasue mara tatu, halafu endelea nusu kwa nusu mpaka una fito 24 za upana wa milimita 6 hivi. Mpasuko ukianza kukimbilia upande mmoja, shika ule upande mnene ndo uupinde, mpasuko utarudi. Kati ya hizo 24, sita ni za chini, sita za ncha, sita za ncha ya akiba, na sita ni za makosa. Utazitumia zote, nakuambia.

Mafundo ndo kazi. Hapa ndo watu wanaacha. Kila fundo lina uvimbe nje na ukuta ndani, na nyuzi pale zimejikunja. Toa ukuta wa ndani kwa patasi, uvimbe wa nje piga tupa kidogo kidogo, usile nyuzi za jirani. Halafu lipashe moto juu ya hita ya hewa moto, ile ya kuchunia rangi, au makaa yasiyo na mwali, ukiwa unazungusha, sekunde 15 au 20, utasikia kwa vidole umekuwa kama ngozi. Haraka weka kwenye jiliwa, bana bapa, hesabu mpaka 30, achia. Kisha geuza pasha tena nyoosha ile kona ya pembeni. Ukiona moshi umechelewa. Fito 18 zikiwa na mafundo matatu kila moja ni mara 54 unafanya hivyo, mimi naifanya jioni huku nasikiliza redio, siku mbili tatu, ukilazimisha siku moja, zile za mwisho mwisho utaunguza tu.

Ukimaliza panga fito sita pamoja na usogeze kila moja juu au chini ili mafundo yasikutane mahali pamoja, angalau mawili yaliyo jirani yasilale sambamba. Weka alama namba 1 mpaka 6 kwa penseli na mstari mmoja wa kukata, baadaye utashukuru.

Sasa randa ya kwanza, ya kutoa umbo tu. Chimba mfereji wa pembe ya digrii 60 kwenye ubao mgumu, laza ufito humo, piga randa upande huu, geuza, piga upande ule. Ganda la nje usiliguse kamwe, pande mbili za ndani tu. Pembe unaihakiki na ile geji ya digrii 60 wanayotumia mafundi wa lathe, mashine ya kukereza chuma, kupimia kifaa cha kukatia meno ya skrubu, ni bei ya chai na mandazi ya wiki moja. Pembe zikiwa si 60 fito sita hazitafunga, utapata nyufa ambazo hakuna gundi itaficha.

Kisha zikaushe kwa joto. Zifunge sita sita kwa uzi wa pamba, zitie kwenye ovena au bomba la chuma lenye hewa moto, digrii 175 hadi 180, kama dakika 10 hivi, katikati uzigeuze kichwa kwa miguu kwa sababu bomba huwa na upande wenye moto zaidi. Unataka rangi ihame kutoka majani makavu kwenda asali. Zikifika rangi ya kahawa zimekuwa ngumu lakini zinavunjika kama spageti. Weka kipimajoto, usikisie, mimi nilikisia.

Randa ya mwisho inahitaji kalibu ya chuma. Ni nondo mbili za mraba zimelazwa pamoja, kati yake mfereji wa digrii 60 unaopungua kina, na kila inchi 5 kuna bolti ya kuvuta na bolti ya kusukuma ili ufungue au ubane. Fundi wa lathe mzuri anaweza kukutengenezea ukimchorea vizuri, na ukae naye. Kama hela hakuna, wakuchongee mfereji wa tepa yako moja kwenye mti mgumu uliokauka sana, utatoa rodi kadhaa kabla haujalika. Kina cha mfereji kila kituo ni nusu ya ile namba ya tepa. Yaani inchi 30 tepa ni 3.96, kina ni 1.98. Pima kwa geji ya kina, ile yenye uso kama wa saa, yenye ncha ya digrii 60, pima tena.

Randa iwe na makali ya kunyolea. Sitanii, kama hainyoi nywele za mkono itachimba kwenye fundo na ufito umekwenda. Noa baada ya kila ufito. Piga mapigo marefu toka unene kwenda ncha, badilisha pande kila mapigo machache ili pembetatu ibaki sawa, na ukikaribia chuma weka randa chini utumie ubapa wa blade ya kukwangua. Ganda sasa ndo unalikwangua taratibu, ile nta ya juu tu.

Gundi: epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika tano itakuganda mkononi ufito wa tatu, na gundi nyeupe ya seremala haifai, chini ya mzigo inatambaa polepole na rodi inabaki na mgongo. Laza fito sita juu ya utepe, ganda chini, paka gundi yote kwa mswaki wa zamani, zikunje ziwe rodi, halafu zungushia uzi wa pamba toka mwisho hadi mwisho na urudi ukizungusha kinyume, maana ukifunga upande mmoja tu rodi inajisokota kama kamba. Uzi upitishe katikati ya kitabu kizito ili uwe na mkazo sawa. Kabla haijaganda iangalie kama unavyoangalia bunduki, jicho moja, ipindishe kwa vidole inyooke, ibingirishe kwenye meza ya kioo. Itundike na kauzito chini. Kesho yake na kesho kutwa usiiguse.

Ukitoa uzi na kusugua gundi kwa msasa umeona rodi. Palipobaki pamepinda pasha moto kidogo nyoosha, usifike joto la kulegeza gundi.

Kiungo. Feruli, ile soketi ya chuma ya katikati, kwenye rodi fupi ni mzigo, uzito wake mdogo unasikika sana. Katikati yetu, inchi 36, unene ni kama 4.4, kwa hiyo saizi ni 11, yaani 11/64 ya inchi. Nunua ya nikeli-silva, sugua kona za mwanzi ziwe duara mpaka iingie kwa kusukuma, gundisha kwa epoksi. Unaweza pia kuacha rodi kipande kimoja na hakuna rodi tamu kama hiyo, ila fikiria matatu ya saa kumi na moja asubuhi na una fimbo ya futi 6 mkononi, kondakta atakulipisha viti viwili.

Mpini fanya mfupi na mwembamba, inchi 5 na nusu, wa koki. Vizibo vya chupa za waini toka hotelini vinafaa kama ni koki halisi, vitoboe, vigundishe, visugue. Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ishikwe na pete mbili tu zinazoteleza juu ya koki, mambo ya skrubu nzito yaache.

Vipete vya kupitisha mshipi, kanuni ni idadi ya futi ongeza kimoja, kwa hiyo 7 bila kuhesabu cha ncha. Kutoka ncha: sentimita 10, kisha 22, 36, 52, 70, 90, 112. Cha 90 kinaangukia juu ya feruli, kisogeze 86. Vifunge kwa uzi wa hariri, mizunguko imebanana bila kupandana, halafu vanishi ya mashua, nyembamba, mara tatu nne, siku mbili tatu katikati. Mimi nina bomba la plastiki limejaa vanishi, nazamisha kipande na kukivuta sentimita 10 kwa dakika, kwenye chumba kilichomwagiwa maji sakafuni ili vumbi litulie. Kuku watoke.

Jaribu kwenye nyasi kabla ya mto. Toa futi 15 za mshipi namba 4, rusha bila nguvu. Kama unasikia mzigo unaingia mpaka katikati ya rodi, sawa. Kama ni ncha tu inatikisika weka namba 5 ujaribu tena. Kama inayumba na kukurudia baada ya kusimamisha mkono, shuka namba 3, na kwenye rodi ijayo ongeza unene toka inchi 20 hadi 40.

Na feruli ikikwama mtoni, maana siku ya baridi itakwama, usiizungushe utapasua mwanzi. Chuchumaa kidogo, pitisha rodi nyuma ya magoti, shika huku na huku mikono ikiwa nje ya magoti, halafu tanua miguu taratibu mikono imenyooka. Inatoka yenyewe.